Mwaka Nilioposwa Lamu

Eda yangu ilipokwisha, wa mwanzo kubisha hodi hakuwa jirani wala mtu wa ukoo wetu. Alikuwa Athman Shee, mwanamme wa Lamu ambaye mwaka mmoja wa ujana wangu nilikuwa niwe mke wake, na amekuja na dada yake mkubwa kunipa pole kwa kufiwa na mume. Nilimsikia chini akimsalimu kijana anayekodi duka letu, akiulizia afya yangu, akiulizia ngazi kama bado zinalia, lakini mwenyewe hakupanda. Miaka yote akija Unguja hufanya hivyo. Hukaa chini, kwenye chumba kilichokuwa ghala la baba, akaniletea salamu, nami nikampelekea chai, na kama pana neno la kusemwa husemezana nami mlango umerudishwa nusu, mimi nimejitanda mpaka puani. Watu hudhani ni haya za wazee. Mimi haya sina nyingi, niliowasomesha skuli wanajua. Lilikuwa jambo lililoachwa bila kumalizwa tangu mwaka ule, na kwa kuwa sasa limekwisha, naona naweza kulieleza.

Nyumba yetu iko Malindi, karibu na bandari, na wakati ule ilikuwa nyumba ya kupokea wageni wa musimu. Sisemi hoteli. Mfanyabiashara wa pwani hakuwa akishuka bandarini akaanza kuuliza pa kulala. Alikuwa na mwenyeji wake, na mwenyeji akirithiwa kama shamba linavyorithiwa. Babu yake Bwana Shee wa Lamu alifikia kwa babu yake baba, mtoto akafikia kwa mtoto, mpaka Bwana Shee mwenyewe akawa anafikia kwa baba yangu. Alikuja na madebe ya samli, mikeka, boriti za mikoko na zile kofia za Lamu za kushonwa kwa mkono ambazo wanaume wa mjini wakizigombania Idi inapokaribia. Mali ilikaa ghalani chini, wanaume wakalala ghorofa ya kati, na ikiwa safari ile kaja na mkewe, mwanamke na watoto walipanda juu kwetu wakawa watu wa nyumbani, wakila tunachokula na kununa tunaponuna. Mwenyeji ndiye aliyemtafutia mgeni wanunuzi, akamuuguza akiumwa, na akifa akamzika. Hakuna aliyemwekea mwenzake sahihi popote. Mama alifundishwa na wanawake wa Lamu kuoka mkate wa mofa, wao wakachukua kwetu mkate wa kumimina, na mpaka leo kila upande unaapa kuwa yote miwili ni yake. Sisi watoto tulikuwa tukiwaigiza wageni kwa kusema “mato” badala ya macho na “yeo” badala ya leo, tukapigwa kwa utovu wa adabu, kisha tukajikuta tunayasema hayo hayo skuli bila kujua.

Mwaka ninaousema nilikuwa namaliza skuli na nimechaguliwa chuo cha ualimu. Nilikuwa nimelala na barua ya habari hiyo chini ya mto wiki nzima kabla sijamwambia mtu, kwa raha tu ya kuwa nayo peke yangu. Lakini ndani ya nyumba hapakuwa na raha kubwa. Vyombo bandarini vilikuwa vimepungua, foleni za chakula zimezidi, na Bwana Shee alipofika safari ile ghala halikujaa hata nusu. Samli ilinukia kwa mbali. Jioni baada ya sala ya laasiri wanaume wawili wale walikaa uani chini na dele la kahawa na kisahani cha kashata, na mimi nilikuwa juu yao, kwenye ukumbi unaozunguka uwazi wa ua, nachambua mchele. Nyumba zetu hizi hazifichi kitu. Ukikaa juu, kila linalosemwa uani hupanda kama moshi.

“Ndugu yangu,” Bwana Shee alisema, “musimu uyao sijui kama nitakuya. Mali haitembei tena.”

“Usijichurie mabaya,” baba akamjibu.

“Sijichurii, nasema kilichopo. Biashara ikifa, wetu hawa watajuanaje? Wajukuu wangu watapita Unguja, hawajui hata pa kuomba mai ya kunywa.”

Nikasikia kikombe kinawekwa juu ya sinia. Kisha Bwana Shee akasema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiulizia bei ya nazi, “Wewe una Zuwena. Mimi nina Athman.” Na baba yangu, ambaye kununua kuku tu alikuwa akitaka siku mbili za kufikiri, akasema pale pale, “Umeshasema, na mimi nshakubali.” Ungo ulinitoka mkononi. Mchele uliwamwagikia vichwani, nao wakacheka, wakasema ni ishara ya baraka.

Athman nilimjua kwa kumwona. Alikuwa kijana mrefu, mpole, rika langu, aliyekuja na baba yake mara mbili tatu na ambaye tulikuwa hatujazidisha salamu. Hakuwa na kasoro, na hilo ndilo lililonitia hofu, kwa sababu mtu asiye na kasoro utamkataa kwa lipi? Nilijaribu kwa mama. Alikuwa jikoni anakuna nazi, amefurahi, analia, anafurahi tena. Nikamwambia kuhusu chuo. “Kwani Lamu hakuna watoto wa kusomeshwa?” akasema. Nikamwambia sitaki. “Hutaki nini? Mtoto wa kike hajui anachotaka mpaka akipate.” Nikamwambia mimi nakijua na nshakipata, kiko chini ya mto. Alinitazama kama nimetukana, akaendelea kukuna nazi. Leo nikikumbuka simlaumu. Alikuwa amezeeka akiona wageni wanapungua, na harusi ilikuwa kitu kimoja kilichobaki ambacho kingeijaza nyumba watu.

Nilipoona nimekwama nikapanda gari la shamba nikaenda Makunduchi kwa Bibi, mama yake mama. Bibi alikuwa mwanamke mkavu, wa maneno machache, anayesokota kamba za makumbi tangu ujana mpaka viganja vikawa kama makumbi yenyewe. Alinikalisha ukumbini, akanipa muhogo wa kuchemsha na mchuzi wa chukuchuku wa samaki changu, na mimi, kwa mara ya mwanzo maishani, nikashindwa kula. Nilimweleza yote. Wananioza Lamu, kwa mtoto wa mgeni wetu Bwana Shee, na chuo sitakwenda. Nikamshika magoti. “Bibi, nitafutie njia. Yoyote.” Mikono yake ikasita kwenye kamba.

“Mama yake huyo kijana nani jina lake?”

“Simjui, Bibi. Alikufa Athman bado mdogo. Mwana Esha, nafikiri.”

“Kula muhogo wako,” akasema. “Kisha rudi mjini. Mie nnakuja.”

Hakuongeza kitu. Nikarudi mjini nimekata tamaa, nikijiambia Bibi naye atakuja kula pilau kama wengine. Siku zikaenda, Athman akafika, mahari ikaletwa, kanga zikakatwa, na wapishi wa halua wakaleta sufuria yao uani. Mimi nilikaa juu na mashoga zangu wakinisuka na kunitania kuwa nianze kujifundisha kusema “ndoo hapa” nikimwita mume. Nilicheka nao.

Bibi alifika siku ile sheikh amekuja kupanga na wanaume mambo ya ndoa. Aliingia na vumbi la barabara kwenye buibui, akaletewa maji asinywe, akapita katikati ya wapishi wa halua mpaka penye baraza la wanaume, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Akasema, “Ndoa hii haifungwi. Zuwena kanyonya kwa mama wa kijana huyu, ni ndugu wa ziwa moja.” Mwiko wa halua ulisimama. Sisi juu tukajaa kwenye ukingo wa ukumbi, hakuna aliyemkataza mwenzake. Bibi akaeleza kuwa nilipozaliwa, mama alishikwa na homa ya uzazi akawa hajitambui, maziwa yakakauka. Mwana Esha alikuwa juu katika nyumba hii hii, kaja na mumewe musimu ule, na Athman yuko kifuani. Akanichukua. Akaninyonyesha pamoja na mwanawe karibu Shaaban yote, usiku na mchana, mpaka mama akainuka. Bwana Shee siku zile alikuwa Pemba na biashara zake, hakuwa na habari.

“Na mwenyewe mama mtu hajui?” baba aliuliza.

“Nlimwambia mtoto anapewa maziwa ya mbuzi. Kila akisikia mwanawe kashikwa na mtu mwengine alikuwa akilia, na akilia homa inapanda. Alivyopona, sikuona haja.”

“Mama mkwe, heshima yako,” baba akasema, “lakini mbona iwe leo?”

“Mliniuliza? Mlivyokuwa mkipanga hapa na vikombe vyenu vya kahawa, kuna mwanamke hata mmoja mliyemwita?”

Sheikh akauliza nani mwengine aliyeona. Hapakuwa na mtu. Mwana Esha alikuwa kaburini, na waliofuatana naye safari ile walikuwa Lamu. Kisha akasema maneno ambayo nimeishi nayo. Ndoa hutaka uhakika, na hapa pameingia shaka, basi iacheni. Lakini shaka hiyo hiyo haimfanyi Athman kuwa kaka yake Zuwena. Mpaka wapatikane mashahidi wengine, binti abaki na sitara yake kama kwa mtu baki. Hivyo ndivyo nilivyotoka siku ile, si mke wala si dada. Sitajifanya nilihuzunika. Niliteremka kwa ngazi za nyuma, nikachota halua ya moto, nikaungua ulimi, na nikaendelea kula. Ilikuwa halua tamu kuliko zote nilizopata kula, na ilikuwa ya harusi yangu.

Baba hakusema nami kwa muda. Bwana Shee hakugomba, lakini aibu ilimwingia mwilini, akafunga mizigo yake mapema. Debe moja la samli aliliacha. “Ilikuwa ya pilau ya harusi,” alimwambia mama. “Ipikieni tu.” Asubuhi ya kuondoka, Athman alipita nje ya mlango wetu wa juu, akasimama bila kutazama ndani. “Dada au si dada,” akasema, “chuoni nenda.” Nilishangaa alijuaje. Nyumba zetu hizi, nshasema, hazifichi kitu. Hakuna musimu mwengine aliokuja Bwana Shee. Mimi nikaenda chuo, nikasomesha maisha yangu yote, nikaolewa na mwalimu mwenzangu tuliyependana mpaka kifo chake, na ghala likawa la magogo, kisha la baiskeli, na sasa linauza picha za twiga kwa watalii, ingawa Unguja nzima hakuna twiga.

Kilichonikaa kooni hakikuwa Athman. Kilikuwa Bibi. Mama na baba walikufa wakiamini, nusu nusu, kuwa Bibi alitunga. Nilipokuwa chuoni shangazi zangu walisema wazi mbele yangu, wakipepeta mchele, kwamba bibi kizee yule alimhurumia mjukuu wake akauzua uongo, na mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa najua wasilolijua, kwamba mimi ndiye niliyemshika magoti nikamwambia “yoyote”. Aliniuliza jina la Mwana Esha. Labda alikuwa akilikumbuka. Labda alikuwa akilitafuta apate kutungia. Sikumuuliza alipokuwa hai, kwa woga, na alipokuwa anakufa nilikaa naye siku nyingi nikimpa uji, yeye akinitazama, mimi nikizungumza habari za skuli. Kila Ramadhani nilikuwa namwombea msamaha wa jambo nisilolijua kama amelitenda. Ikiwa alisema uongo kwa jina la dini, basi aliubeba kwa ajili yangu, na mimi ndiye niliyekula halua.

Sasa narudi siku ile ya taazia. Mwanahawa, dada yake Athman, nilikuwa sijapata kumwona ukubwani. Aliolewa Mombasa zamani na hakurudi Unguja. Alipanda ngazi akihema, mwanamke mnene mwenye sauti ya kupendeza, akaniamkia, tukalia kidogo kwa ajili ya marehemu, tukafuta macho. Nilimmiminia chai. Yeye akawa anaangaza chumba, dari, dirisha, kitanda cha mama ambacho ndicho ninachokilalia. Kisha akacheka peke yake.

“Hapa ndipo nilipokufinya,” akasema.

“Kunifinya mimi?”

“Wewe ulikuwa mchanga. Mama ana Athman huku na wewe huku, mimi mwanawe sina pa kuegemea. Siku ngapi zile! Nikasubiri akasinzia, nikakufinya mguu. Ukapiga kelele, akaja bibi mmoja wa shamba akanichapa. Mkono wake, wallahi, kama kumbi la nazi. Naukumbuka mpaka yeo.” Akanywa chai. “Lakini niambie, huyu Athman mbona hapandi? Ameanza lini kumwogopa dada yake?”

Kikombe nilikiweka chini. Nikamuuliza anasema kweli. Akaniona nilivyobadilika, akakasirika kidogo, kama mtu aliyeulizwa kama jua huchomoza mashariki. “Mwanamke gani wa kwetu asiyejua? Shangazi Khadija na Shangazi Siti walikuwako safari ile. Wako hai.” Akatoa simu, akaiweka juu ya meza sauti wazi, na kutoka Lamu ikaja sauti ya kizee asiyesikia vizuri, akipiga kelele.

“Yupi? Wa kule kwa mwenyeji wetu? Yule mlafi?”

“Yeye, Shangazi.”

“Yu hai? Alimkausha Mwana Esha yule, masikini! Athman alikuwa akipata mabaki. Siti, ndoo, huyu hapa yule mtoto mlafi wa Unguja!”

Na Shangazi Siti naye akaja kwenye simu na kusema hayo hayo, akaongeza habari ya mama yangu kulala kwenye kitanda hiki hiki bila kujua mtu, na bibi wa Makunduchi akisokota kamba mlangoni. Nilimuuliza Mwanahawa, mbona miaka yote hawakusema? Akashangaa. “Tuliambiwa Athman kaposa Unguja, posa ikashindikana. Nikajua ni mmoja katika binamu zenu. Baba hakutaka kuulizwa, na Athman naye hakuthubutu kulitaja. Nani angedhani ni wewe? Mtu huposa dada yake?” Basi ndivyo lilivyokuwa. Wanawake wa Lamu walijua, Bibi wa Makunduchi alijua, na wanaume wawili wenye akili za biashara walikaa kupanga kuunganisha nyumba zilizokwisha kuungana, kwa kuwa hawakupata kuuliza nini kilikuwa kikitendeka ghorofa ya juu wao walipokuwa wakiuza samli.

Sikutaka kukosea mara ya pili. Nikamwomba sheikh wa msikiti wetu, mtu wa makamo niliyemsomesha hesabu, aje. Alikaa ukumbini, akazungumza na Mwanahawa, akawasikiliza mashangazi kwenye simu, akaniuliza aliyoyasema Bibi. “Wanawake wanne, Mwalimu,” akasema, “na neno lao moja. Hii si shaka tena.” Akaaga kwa sababu adhana ilikuwa karibu. Mimi nikaingia chumbani nikalia, si kilio cha taazia. Nilikuwa namlilia Bibi kwa furaha. Alisema kweli. Alisema kweli mbele ya watu waliomtazama kama muongo, akaondoka na vumbi lake bila kunywa maji, na hakunidai mimi hata nimwamini. Nimefiwa na mume mwaka huu na sitasema huzuni imenitoka, lakini mzigo ule mwengine, wa zamani zaidi, ulishuka pale pale, na nilihisi mabega yangu yanajua.

Nilipotoka nilikuwa bado nimejitanda. Nikalivua shungi nikaliweka juu ya kiti, nikaenda ukingoni mwa ukumbi pale pale nilipomwaga mchele, nikaita chini.

“Kaka!”

“Naam?” akajibu taratibu.

“Panda. Chakula tayari.”

Ngazi zililia moja moja. Alisimama mlangoni na galoni ya samli mkononi, akainamisha macho kwa mazoea, na dada yake akamwambia kwa ukali aache upuuzi atazame mbele. Akainua uso. Tangu mwaka ule tulikuwa hatujapata kutazamana uso kwa uso hata mara moja, na sote wawili tumeshakuwa vizee. Alinitazama, machozi yakamlenga.

“Kumbe una mvi kuliko mimi.”

“Ndiyo,” nikamwambia, “na maziwa yako niliyamaliza. Kaa ule.”

Akakaa. Tulikula wali na mchuzi wa papa, samli yake juu, watatu kwenye sinia moja mpaka magharibi, na shungi langu likabaki pale kitini.